Nilivyofunga kwa Ajili ya Walter

Mimi kamari siitaki. Hapa ugenini Merrylands nilimnunia mkwe wangu wiki nzima kwa kubeti mpira.

Sasa, wakati ule wa korona, kanisani tuligawana vikaratasi vyenye majina ya wagonjwa, kila mtu amwombee wake. Kwa hiyo kwenye klabu yetu ya wazee walipopitisha bakuli la vikaratasi, nikatia sarafu ya sadaka, nikachukua changu: Walter. Sikuuliza. Nilifunga siku tatu, na akina mama wa kanisa nikawaambia kwa simu wamwombee.

Jumanne mkwe akaja kunichukua klabuni. Wazee wote macho kwenye televisheni. Nikamuuliza msimamizi, "Walter ameinuka?"

"Ameinuka? Anakimbia sasa hivi!"

Mkwe akasoma kikaratasi changu, barakoa ikamcheza kwa kicheko. "Mama, hii wanaita swip. Kila mtu anachota jina la farasi wa mbio hizi. Farasi wako akishinda, bakuli ni lako."

Nikafungua mdomo nimkaripie. Ukumbi ukalipuka: "Walter! Walter!" Wakaniletea bakuli, wakaniwekea mapajani.

Mkwe akainama, akaniuliza taratibu, "Akina mama tuwaambie amepona?"