Mchanga Uliolishwa Mbolea

Tope la mlango wa mto wetu, kusini kidogo ya Liuli, lilinuka kama yai viza. Mwisho wa kiangazi Ziwa Nyasa lilirudi nyuma na kuacha uwanja mpana wa mchanga na tope, umefunikwa na ngozi nyembamba ya kijani, telezi kama bamia. Sisi wasichana wa darasa la tano tuliteleza hapo na ndoo zetu za maji, tukacheka, kisha tukafokewa nyumbani.

Mwaka huo duka la ushirika lilifungwa. Redio ilitangaza kuwa biashara sasa ni huria, ruzuku imeondolewa, kila mkulima ajitafutie mbolea. Waliokwenda kuitafuta Mbinga mjini walirudi mikono mitupu, kwa kuwa bei haikushikika. Mahindi ya mama, kule mlimani nyuma ya kijiji, yalifika magotini yakagoma. Kingo za majani zikageuka zambarau.

Ndipo akaja mtafiti, kijana mpole aliyevaa miwani, na gari lililojaa mifuko ya mbolea. Alichomeka vijiti kwenye tope letu, akazungusha kamba, akapata vipande vya mraba. Kimoja alikimwagia mbolea ya aina moja, kingine aina nyingine, kingine zote mbili, na kimoja akakiacha hivyohivyo. Alitaka kujua ule ukijani unakosa chakula gani hata usistawi zaidi. Tukakatazwa kukanyaga.

Mama alimfuata palepale ufukweni, mimi nikiwa nyuma yake.

“Shikamoo, mama,” kijana akasema.

“Marahaba, baba. Mbolea ikibaki, utanigawia japo kisado? Mahindi yangu yanakufa.”

“Hii si ya shamba, mama. Ni ya utafiti.”

“Kwani shamba langu na huo mchanga, nani ana watoto?”

Kijana akaendelea kumwaga.

Baada ya wiki kadhaa kile kipande chenye mbolea zote mbili kilikuwa kijani kizito, kama zulia. Kijana alifurahi mno, akatuita wanafunzi tuje kuona. Nilitazama nikitamani kulirukia na kulichanachana kwa miguu.

Alipomaliza kazi, mbolea iliyobaki ilikuwa imeshika unyevu na kuganda. Aliagiza ichimbiwe shimo nyuma ya zahanati, ifukiwe. Mama alikwenda na jembe mchana kweupe, akaanza kufukua. Mwenyekiti wa kijiji akaja mbio na mgambo.

“Unatuaibisha mbele ya mgeni!” akamfokea.

“Aibu ni kuzika chakula,” mama akajibu, huku mgambo akimnyang’anya jembe na yule kijana akitazama.

Tulivuna magunzi. Mdogo wangu alipelekwa Litembo kwa shangazi ili apate kula. Aliporudi msimu uliofuata alizungumza Kimatengo, lugha ya huko, na usiku alimlilia shangazi huku mama mzazi akiwa amekaa kando ya kitanda chake.

Siku hizi ruzuku imerudi, nami ni bibi shamba katika wilaya hiihii. Najua utafiti ule ulikuwa na maana: samaki wadogo hula ule ukijani, nasi tunakula samaki. Hayo yote nayajua. Lakini ingemtosha kijana yule kusema neno moja kwa mwenyekiti. Hakulisema. Mama, ambaye sasa ni mzee, ameshamsamehe. “Alikuwa mtoto wa watu, naye katumwa,” huniambia. Mimi sijaweza. Mtafiti yeyote anapofika ofisini kwangu na mifuko yake, kabla hata hajaketi namuuliza kitakachobaki atampa nani, na nataka anitajie jina. Mama anasema sina adabu kwa wageni. Ni kweli, sina.