Ubeti Alioudai Immakulata

Sada alikuwa na miaka tisa baba yake alipohamishwa kikazi kutoka Tanga kwenda Muleba. Shuleni alikuta watoto wanaoongea Kihaya tupu mwalimu akigeuka, na Kiswahili cha woga mwalimu akitazama. Yeye Kihaya hakukijua hata cha kuombea maji. Akifungua mdomo, wenzake wanatazamana, kisha wanatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Basi akatafuta wa kucheza nao kwenye kibanja nyuma ya nyumba. Kila mgomba akaupa jina la mwanafunzi wa darasa lake: huu Datius, ule mnene Audax, na ule ulioinama kidogo Immakulata. Akawa anawapigia hadithi mpaka mama yake amwite kula.

Leo Sada ni fundi cherehani Rwamishenye, ana wajukuu wawili na ulimi usioshikika. Mwaka jana redio moja ya mjini iliomba wasikilizaji watume mashairi ya utotoni. Alitunga beti tatu huku akipinda marinda ya sketi, akazituma kwa simu. Zikasomwa, jina lake na duka lake vikatajwa. Ubeti wa kwanza ulianza:

*Nilicheza na mgomba, nikampa siri zangu,*
*Wenzangu wakanigomba, wakacheka lugha yangu.*

Siku ya tatu akaingia dukani mama mmoja mnene, jasho linamtiririka, amebeba mkungu wa ndizi. Akautua juu ya kitambaa cha mteja.

"Wewe ndiye Sada wa redioni? Mimi Immakulata. Nimetoka Muleba kuja kukugombeza."

Sada alisimamisha cherehani. "Karibu kwanza ukae, dada, ndipo ugombe."

"Waitu, nani alikucheka? Sisi tulikuwa tunakuogopa! Unaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Tukajua mwalimu amekuleta ili umpelekee majina ya wanaoongea Kihaya."

"Mimi?"

"Wewe! Siku moja tukakufuata kibanjani mimi na Audax, tuone unafanya nini peke yako. Tukakusikia: 'Datius, kaa vizuri. Audax, acha utundu. Immakulata, mbona umeinama?' Tukasema, tumekwisha, anafanya mazoezi ya kutushtaki. Tulikimbia, Audax akaacha kiatu!"

Sada alicheka mpaka akajichoma na sindano. Kisha kicheko kikamkauka, akafuta macho kwa kipande cha bitana. Miaka yote ile alijua kuwa hapakuwa na mtu. Kumbe walikuwepo, hatua kumi tu, nyuma ya majani.

"Ningewaita mcheze," alisema.

"Ungeita, tungekufa kwa hofu," Immakulata akajibu. "Sasa chukua kalamu. Ongeza ubeti useme ukweli, na jina langu liwemo."

Sada akahesabu kwa vidole. "Jina lako refu, linavunja mizani."

"Basi vunja!"

Walibishana hadi adhuhuri. Mwisho Sada akasoma:

*Kumbe Ima kibanjani, kajibanza kwa uoga.*

"Umenikata jina, halafu ukaniita mwoga," Immakulata akanung'unika. Lakini alidai ubeti unakiliwe kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya pochi. Kisha akauliza kama kuna jiko hapo nyuma, maana ndizi zile hakuzileta zitazamwe.

Sada akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakaenda kumenya.