Korongo la Ngazini

Katunge alimjua jirani yake muuguzi kwa vishindo vya buti zake ngazini. Scarborough nzima, huku Kanada, imejikunyata kwa theluji, muuguzi huyo anajiandaa kwenda kutembea kwenye korongo la mawe mekundu, katika jangwa la Marekani. Kila akitoka kazini hujitwika begi lililojaa pakiti za unga wa ugali, ashuke na kupanda ngazi za ghorofa lao, ayazoeze magoti yake mabovu. Korongo, alisema, hukuchekea ukishuka, likakungoja kwenye kupanda. Basi hushuka akiimba pambio, kisha hupanda akihema, kiganja kikipapasa ukuta kama anayembembeleza ng'ombe.

“Ingia kwenye lifti, dada, utajiua!” Katunge alimwita jioni moja.

“Kwani jangwani kuna lifti?” alijibu akicheka, akaendelea kupanda.

Moyo haukumruhusu Katunge kumwacha. Akampokea pakiti mbili, wakapanda pamoja. Juu kabisa, muuguzi alisimama dirishani, akayatazama magari yaliyozikwa na theluji, akatandaza mikono.

“Ona mawe yalivyo mekundu!”

Katunge, jasho likimtiririka, akachungulia.

“Mekundu kweli,” akasema. “Haya, tiketi tunakata lini?”