Acheni Kumlisha Bonge

Mimi nina hasira na sifichi. Mtu akiniuliza naendeleaje, namjibu kaangalie mdogo wangu leo kala nini, ndipo utajua.

Mdogo wangu ni fundi makochi. Mtaa mzima unamwita Bonge, naye anaitika. Mimi figo zangu zimegoma, siku hizi naishi kwa mashine ya kusafisha damu, hata maji ya kunywa napimiwa. Katika ndugu wote waliopimwa, figo ya Bonge peke yake ndiyo iliyonifaa. Lakini daktari alipompandisha kwenye mzani, alimwambia bila kuzunguka, "Kwa uzito huu sikupasui. Punguza, fanya mazoezi, presha ishuke, kisha urudi."

Tulipotoka nje Bonge akanishika mkono. "Dada, nakuomba, nyumbani wasijue. Watanicheka mpaka nikome. Waambie tarehe imesogezwa mbele tu." Figo ni yake, ningemkatalia vipi? Nikakubali. Ujinga mtupu!

Basi nyumbani wakaamini kijana yuko tayari, anasubiri kisu. Mama akajifunga kibwebwe jikoni. "Mtu atoe kiungo cha mwili wake akiwa na tumbo tupu? Haiwezekani." Asubuhi mayai, mchana nyama, jioni sahani ya wali imefura kama mto. Shangazi haji bila keki, mjomba haji bila soda. Na mimi nimekaa pale pale mezani na mboga zangu za kuchemsha zisizo na chumvi, nimefunga mdomo, namwona ndugu yangu anazidi kujaa mbele ya macho yangu.

Bonge alijitahidi, jamani, nisimsingizie. Alfajiri alivaa raba zake akauzunguka uwanja wa shule huku anahema. Majirani wakampigia kelele, "Bonge, umemwibia nani?" Akacheka, akaendelea. Tatizo ni kazi yake. Kochi kubwa halibebeki, kwa hiyo anakwenda yeye na nyundo na sindano zake, anashona sebuleni kwa watu. Na hakuna mwenye nyumba atakayemwona fundi amepiga magoti anavuta kitambaa asimletee sahani. Akikataa wananuna. "Kwani chakula chetu kina nini, fundi?" Anakula. Jioni anarudi amenywea.

"Dada, wamenilazimisha."

"Wamekushika taya?"

Akavaa tena raba, akatoka kwenda kuzunguka uwanja gizani. Roho iliniuma, lakini sikumwita.

Zilipobaki wiki chache Bonge arudi hospitali, Mama aliwaita ndugu wote waje wampongeze shujaa. Bonge akawekewa sahani kubwa kuliko zote.

"Nimeshiba, Mama," akasema.

Mama akaweka mwiko chini. "Umeshibaje na hujagusa kitu? Unataka ukazimie kule hospitali, dada yako afe?"

Bonge akanitazama. Kisha akachukua kijiko.

Hapo uzalendo ukanishinda. Nilipiga meza, glasi zikaruka. "Acheni kumlisha! Daktari alimkataa kwa unene! Kila mnachomtilia mdomoni mnanirudisha mimi kwenye mashine!"

Shangazi alikuwa ameshika kisu cha keki, akakirudisha taratibu. Mama aliitazama sahani, akamtazama Bonge, akanitazama mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," nikasema.

"Na mmekaa mnanitazama napika?"

Aliiondoa sahani na ndugu wakaaga mmoja mmoja.

Kuanzia kesho yake Mama aliongozana na Bonge mpaka kazini. Alikaa sebuleni kwa watu, bakuli la mboga mapajani, na sahani ikitokeza tu anasema, "Asanteni sana, mwanangu ana chakula chake." Wateja walimwona kituko. Bonge aliona aibu mpaka masikio, lakini alikula mboga.

Siku ya mzani ikafika, tukaenda wote watatu. Uzito ulikuwa umeshuka, lakini haujafika panapotakiwa. "Mnakwenda vizuri," daktari akasema. "Rudini mwezi ujao."

Mwezi ujao! Yeye anatamka tu. Mwezi huo nitaumaliza mimi, na sindano mkononi.

Kwenye korido Bonge alijitupa kwenye benchi akalia, mabega yanamtikisika, lile jitu zima. Mwanamke mmoja aliyekaa jirani, hatumjui hatujui, akamwonea huruma. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha keki, akamtilia mkononi. "Pole, baba. Kula kidogo upate nguvu."

Bonge, ambaye hajui kusema hapana, akasema asante. Nikaiona keki inapanda kuelekea mdomoni.

Mama ndiye aliyeiwahi. Aliikwapua mkononi mwa Bonge, akamshukuru yule mwanamke kwa heshima zote, kisha akaila yeye mwenyewe, yote, amesimama palepale, machozi yanamtiririka.