Pampu ya Swalihu

Salha aliolewa na mwanamume ambaye hakuwahi kukosea hata siku moja. Ni vitu tu ndivyo vilivyokuwa vikimkosea. Katika miaka ya foleni za sabuni, Swalihu aliuza mafuta ya taa kwa kibaba karibu na stesheni ya Dodoma, na Salha akaandaa futari kwa sukari ya kuazima. Serikali ilipofungulia biashara, Swalihu akapanda ndege kwenda Dubai, akarudi na redio, mazulia, na maoni kuhusu kila jambo.

Ndipo akajenga nyumba mtaa wa Kikuyu, hapo hapo Dodoma. Kiwanja kilikuwa na mteremko wa wazi kabisa, barabara juu na korongo chini. Mtu yeyote angeweka nyumba juu na karo la maji machafu chini. Swalihu alitaka upande wa chini uwe bustani ya zabibu, wageni wakae humo jioni wakimsifu. Karo akaliamuru lichimbwe juu, karibu na geti.

Zablon, mwashi wa Kigogo aliyepewa kazi hiyo, alisimama na koleo lake akatazama juu, akatazama chini.

"Mzee Swalihu, maji si yanateremka?"

"Ya zamani ndiyo yalikuwa yanateremka," alijibu Swalihu. "Sasa hivi kuna mashine."

Safari iliyofuata ya Dubai mashine ikaja, pampu ya kijani yenye uzito wa mbuzi. Zablon alichimba chemba ya zege nyuma ya bafu, yenye kina cha kumzidi mtu mzima, maji ya choo na bafu yakusanyikie humo. Pampu ilikaa chini kabisa ikiwa na boya lake: maji yakipanda, boya linapanda, mashine inawaka na kuyasukuma hadi kwenye karo.

Aliyeifunga alikuwa Ludovick, fundi redio, ambaye Swalihu alimwamini kwa sababu redio nayo ina waya. Ndani ya boksi mlikuwa na valvu ya kuzuia maji yaliyopandishwa yasirudi. Wakaiona ni ya ziada, wakaitia kabatini. Bomba la kutolea hewa ya chemba hadi juu ya paa lingeharibu sura ya ukuta mpya, kwa hiyo hewa ikaachwa ijitafutie njia. Waya wa kuzika ardhini, wa kupeleka chini umeme unaovuja, Ludovick aliukata ukawa kamba ya nguo. Maungio ya umeme aliyaviringishia utepe, akayavalisha mfuko wa plastiki kwa heshima.

Wiki ya kwanza Salha alishika bomba la bafuni akahisi mkono unawashwa kama umeumwa na siafu.

"Baba Arafa, bomba linapiga shoti."

"Umeme mpya huo," alisema mumewe. "Haujazoea nyumba."

Tangu hapo Salha alioga kwa kata na ndoo. Ndoa ilikuwa imemfundisha kuhifadhi maneno yake kwa siku yatakapohitajika. Wageni nao walifundishwa kunyamaza: kila mashine ilipounguruma Swalihu aliinua kidole, watu wakaacha kutafuna, wakasikiliza uchafu wa familia ukipanda mlima.

Siku ya posa ya binti yao Arafa, walikuja wazee watano wa upande wa kijana, kanzu nyeupe tupu. Mkubwa wao, Mzee Mustapha, aliingia bafuni kutawadha. Bila shaka Swalihu aliinua kidole. Mashine iliunguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Maji yaliyokuwa njiani kuelekea karo, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuyazuia, yakakumbuka tabia ya maji yote duniani. Mzee Mustapha alitoka bafuni ameshika kanzu magotini, miguu ikiwa na vitu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitaja.

"Ni tatizo dogo," alisema Swalihu.

Zablon aliitwa. Kabla hajagusa mfuniko, Salha alikwenda mwenyewe kuzima swichi kuu, na hakumwomba mtu ruhusa. Mfuniko ulipofunguliwa, harufu ya mayai viza ilipiga mpaka ukumbini. Zablon alichota maji kwa ndoo ya mpini mrefu mpaka pampu ikaonekana chini.

"Kuna kitambaa kimenasa tu," alisema Zablon, akikunja suruali. "Nashuka mara moja."

"Hushuki," alisema Salha. "Subiri, tuivute pampu kwa kamba."

"Imekaza, mama. Mimi nimechimba visima tangu ujana."

"Mwache mwanamume afanye kazi!" alifoka Swalihu.

Salha alikimbilia stoo, akarudi na kamba ya kufungia mizigo. Alimfunga Zablon kifuani, kupita chini ya makwapa, huku mumewe akiwaeleza wageni kuwa wanawake wana woga wa asili. Zablon akashuka, akainama. Hakupiga kelele. Miguu yake ililegea tu, kama mtu aliyeshikwa na usingizi.

Swalihu alivua viatu. Majivuno yote yalimtoka usoni, akabaki mtu mwenye hofu, na pale Salha akakumbuka kwa nini aliwahi kumpenda. Akamkumbatia kiuno kwa nguvu zake zote.

"Usishuke! Kuna hewa ya sumu! Kwetu Busi mjomba wangu alifuata ndoo kwenye shimo, kaka yake akamfuata yeye. Tulizika wawili! Vuta kamba!"

Walivuta. Wazee wa posa walivuta na kanzu zao, Mzee Mustapha akiwa wa mbele kwa kuwa hakuwa na usafi wowote wa kupoteza. Walimlaza Zablon uwanjani kwenye upepo, na pumzi ilipochelewa Swalihu alilia waziwazi. Kisha mtu yule akakohoa, akatapika, akaomba maji. Pikapu ya wageni ikamkimbiza hospitali.

Alilazwa wiki nzima. Swalihu alimpelekea uji kila asubuhi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila maoni yoyote, jambo ambalo manesi hawakujua lilivyo la ajabu. Posa ilimaliziwa Ihumwa kwa shangazi, penye choo cha shimo, na kila mtu alistarehe.

Pampu ilifungwa upya na fundi umeme wa kweli. Valvu ilitoka kabatini, bomba la hewa likapanda hadi juu ya paa na kuharibu ukuta, waya ukazikwa ardhini, na mnyororo ukafungwa kwenye pampu ili ivutwe juu ikiharibika, asishuke mtu tena. Ufunguo wa mfuniko aliutunza Salha.

Siku hizi Swalihu anauza pampu dukani kwake. Anawaeleza wateja habari za hewa ya shimoni kwa sauti nzito, kama mtu aliyezigundua mwenyewe. Juzi mmoja alimuuliza amejuaje yote hayo.

"Uzoefu, bwana," alisema Swalihu. "Mke wangu alikuwa mbishi sana, lakini nilimwelewesha."

Salha, aliyekuwa akipanga balbu rafuni, alimuuliza mteja kama anahitaji na kamba.