Safari ya Bungu kwa Petroli ya Kawaida

Mbaruku Mdoe alikuwa Mzigua wa Kwamsisi, lakini utu uzima wake ulianzia kwenye shamba moja la mkonge nje ya Korogwe. Aliingia pale miaka mitatu kabla ya Uhuru kama mkata mkonge, akatoka kama dereva wa meneja. Gari la meneja lilikuwa pikapu ya Pijo, nyeupe, na sharti lake lilikuwa moja tu: lisitiwe petroli nyingine isipokuwa supa. Kituoni pampu zilikuwa mbili, ya kawaida na ya supa, na ile ya kawaida ilikuwa nafuu zaidi. Madereva wengine walidhani supa ni maringo ya Wazungu. Mbaruku hakudhani hivyo, maana siku moja walimtilia ya kawaida kwa makosa, na kwenye mwinuko wa kwanza akasikia injini ikigonga, kelele kavu na nyembamba, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Akalegeza mguu, ikanyamaza. Akakanyaga tena, ikagonga tena. Tangu hapo aliweza kusimama kando ya barabara na kukuambia gari linalopita limetiwa petroli gani.

Mashamba yalipotaifishwa meneja akaenda zake, na pikapu ikapita mikononi mwa ofisi mbili tatu. Watu wa Handeni walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, ikaishia katika kijiji kipya nje kidogo ya Kabuku. Mbaruku alihama nayo kila ilikokwenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ilionekana ni sehemu ya gari.

Mkewe, Hamisa, alikuwa Mshambaa wa Bungu, kule juu milimani. Walikutana sokoni Korogwe akiwa ameshuka na viazi, na Mbaruku akambebea magunia hadi stendi ijapokuwa hakuombwa. Walioana, wakapata binti, Fatu. Fatu alipokuwa na miaka miwili, mama yake Hamisa, Bibi Hajira, alianguka shambani akavunjika nyonga. Hamisa akapanda kwenda kumuuguza, Fatu mgongoni. Alisema mwezi mmoja.

Mwezi ukawa miwili, ikawa minne. Nyonga haikuunga vizuri, na Bibi Hajira hakuwa na mtoto mwingine. Hata hivyo mwanzoni haikuwa mbaya sana, kwa sababu kijiji kilipeleka mahindi Bungu kila mwezi na kuleta viazi, na dereva alikuwa Mbaruku. Alilala kule usiku mmoja, akala chakula cha mkewe, akamsikiliza Fatu akijifunza maneno. Halafu petroli ikapanda bei dunia nzima, na kamati ya kijiji ikaketi.

"Kuanzia sasa tutie ya kawaida," alisema mwenyekiti, Mzee Rehani, mtu mkali lakini wa haki. "Petroli ni petroli."

"Mzee, kwa Korogwe na Handeni ya kawaida itatufaa," Mbaruku akajibu. "Nitampa fundi airekebishe injini kidogo, itakubali. Lakini mlima wa Bungu, na mzigo, haitaweza. Itagonga mpaka ivunjike."

Mzee Rehani akafikiri. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. "Basi mlima tuuache," akasema, na kamati ikapita kwenye jambo la mbegu za pamba.

Mbaruku alibaki ameketi. Alikuwa amesema ukweli kuhusu injini, na ukweli huo ndio uliomnyang'anya mkewe. Alipotoka nje alijiuliza kama angenyamaza ingekuwaje.

Miezi kumi na minne ilipita. Kutoka Kabuku hadi Bungu si mbali kama Dar es Salaam, lakini mtu asiye na ruhusa ya kuacha kazi ya kijiji hata nusu wiki, kwake ni mbali vilevile. Walitumiana salamu kwa wauza viazi. Salamu zilifika zikiwa zimepungua, kama maziwa yaliyobebwa kwenye kibuyu kinachovuja: Hamisa hajambo, mama yuleyule, mtoto ameota magego. Mbaruku angempa mleta salamu maji, amketishe, amuulize tena. Amekonda? Alicheka? Alisema hivyo hivyo, au alisema vingine? Mwuza viazi angekuna kichwa. Na usiku Mbaruku aliendelea kulala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, ijapokuwa kitanda chote kilikuwa chake.

Mwaka wa sabini na tano shule ya kijiji ilihitaji mbao za paa, na watu wa Bungu walikubali kubadilishana kwa mahindi. Mzee Rehani akamwita Mbaruku. "Nenda Jumamosi. Safari hii tia supa, nimeshakubaliana na wenzangu." Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Msalimie mama Fatu."

Ilibidi iwe Jumamosi na si siku nyingine. Siku zile Jumapili, baada ya saa nane mchana, magari hayakuruhusiwa barabarani, ili nchi ibane mafuta. Mbaruku alihesabu: apande Jumamosi, alale, apakie mbao alfajiri, awe amevuka Korogwe kabla ya saa nane. Alinyoa ndevu. Alinunua khanga, na kwa Fatu viatu vya plastiki vyekundu, akikisia ukubwa wa mguu kwa kupima kiganja chake.

Korogwe alifika saa tatu asubuhi, magunia kumi ya mahindi nyuma. Mwuza mafuta, Efrazia, mwanamke mnene aliyezaliwa kambi ya mkonge na kufahamiana naye miaka mingi, alikuwa ameketi juu ya debe.

"Supa, dada Efrazia. Jaza."

"Supa imekwisha tangu Alhamisi, kaka. Wanasema Jumanne italetwa. Wanasema." Akaipigapiga pampu ya pili. "Ninayo hii."

Mbaruku alishuka garini. Alizunguka pampu ya supa kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Kisha akaenda kwa fundi Mikaeli, aliyekuwa na gereji yake chini ya bati mbili nyuma ya kituo, na ambaye ndiye aliyeirekebisha injini ile mara ya kwanza.

Mikaeli alifuta mikono. "Naweza kuirudisha nyuma taiming, cheche ichelewe zaidi kidogo. Itagonga kidogo, na itakosa nguvu. Ukipunguza mzigo nusu, ukapanda kwa gia ya kwanza, ukisimama kila mara ipoe, utafika. Labda saa kumi na moja jioni. Lakini na magunia kumi, hapana. Subiri Jumanne, Mbaruku."

"Jumanne gari linakwenda Handeni na pamba. Na wiki ijayo pia. Mwenyekiti amenipa siku hii."

"Basi shusha nusu ya mahindi hapa kwangu."

"Mahindi nusu ni mbao nusu. Paa nusu nitawapelekea walimu wafanye nini?"

Walikuwa wanaongea habari za mbao, na wote wawili walijua si mbao. Mbaruku alirudi kwenye pampu, Efrazia akamtazama, mrija mkononi, akingoja.

"Tia," akasema.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, sauti ya misumari ikaanza nayo. Akaingiza gia ya kwanza, akalegeza mguu, ikapungua. Alisimama mara mbili, injini ikapoa, akamwagia rejeta maji ya kijito. Hadi hapo alifanya kama Mikaeli alivyosema. Lakini saa saba ilipita, saa nane ikapita, na kila kona aliyoimaliza ilimwonyesha nyingine juu yake. Hewa ikawa ya baridi, ikaja ile harufu ya moshi wa kuni za mlimani ambayo Hamisa alikuwa nayo kwenye nguo zake siku zote. Ndiyo iliyomshinda. Mguu wake ukashuka, injini ikagonga, naye hakuuondoa. Alijua. Baadaye, alipoulizwa, hakusema hata mara moja kwamba hakujua. Alisikia misumari ile ikipiga kwa nguvu zaidi na zaidi, akasema moyoni, kona moja tu, halafu kona moja tu. Kisha ikasikika mlio mmoja mzito, gari likalegea, na moshi wa buluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma.

Alilivuta pembeni, akaweka mawe chini ya magurudumu. Akamwomba mkulima mmoja wa jirani amtazamie magunia, akachukua khanga na viatu, akatembea saa mbili zilizobaki.

Hamisa alikuwa uani akichambua maharage. Alipomwona hakupiga kelele. Alisimama, maharage yakamwagika kutoka mapajani, akayaacha. Fatu alijificha nyuma ya mama yake, akasalimia kwa adabu kama anavyosalimiwa mgeni. Viatu vilikuwa vidogo kwa vidole viwili vizima. Fatu alivishika tu, hakutaka kuvirudisha.

Ndani, Bibi Hajira alikuwa amelala karibu na moto. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kumchukua."

Mbaruku akasogeza kuni motoni. Walipokaa wenyewe, yeye na mkewe, ndipo alipolisema lililokuwa moyoni.

"Twende wote, Hamisa. Na mama tumbebe. Nyumba ipo, kijiji kina zahanati."

"Nimemwambia mara ngapi? Anasema joto la nyika litamuua kabla ya nyonga. Hataki kuzikwa kusikokuwa kwao." Aligusa mkono wake, ule uliochanika kidogo kwenye mawe. "Nikimwacha, nitakuwa na wewe kule na sitakuwa na wewe. Utaniona nimekaa, lakini nitakuwa huku." Kisha akauliza, "Gari umeliacha wapi? Sikulisikia."

Akamwambia yote: supa iliyokwisha, Mikaeli, mguu.

Hamisa aliuondoa mkono wake. "Gari la watu, Mbaruku. Wajawazito wa kijiji kizima wanapelekwa hospitali kwa gari hilo."

"Nilitaka kukuona."

"Najua. Hata mimi. Kila nikisikia injini naacha ninachofanya." Alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Lakini usiniweke mimi ndani ya jambo hilo. Ukiulizwa, sema ni wewe."

Asubuhi alishuka peke yake. Lori la chai liliivuta pikapu hadi Korogwe Jumatatu, magunia yakiwa bado nyuma, bila ubao hata mmoja. Mikaeli alifungua injini, akamwita aone: pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Mashine ya zamani hii," Mikaeli akasema polepole. "Nikiandika kwamba ni uchovu wa injini, nani atabisha?"

"Andika ulichokiona."

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama bila kuitwa. Alisema aliambiwa apunguze mzigo au angoje, akakataa. Alisikia injini ikigonga, akakanyaga. Mama mmoja aliuliza, "Kwa nini?" Mbaruku akajibu kwamba alikuwa na haraka ya kumwona mke wake. Wengine walicheka. Mzee Rehani hakucheka. Alimnyang'anya ufunguo mbele ya watu, akampeleka kwenye shamba la pamba la kijiji pamoja na wengine wote. Mkutano ulipokwisha alimfuata njiani, akasema, "Mimi ningenyamaza. Na wewe ungenyamaza, nisingekulaumu." Akageuka akaenda.

Pistoni haikupatikana kwa miezi tisa. Katika miezi hiyo wagonjwa wawili walibebwa kwa machela hadi barabara kuu, na mara zote mbili Mbaruku alibeba begani mpini wa mbele wa machela, upande ulio mzito. Hakuna aliyemtuma. Wote wawili walipona, lakini hakulala vizuri hadi alipopata habari zao. Pikapu ilipotengenezwa ilipewa dereva mwingine, naye Mbaruku hakuomba kurudishwa. Alilima pamba. Jioni aliwaketisha wauza viazi na kuwauliza maswali yaleyale.

Bibi Hajira alifariki mwaka wa sabini na saba, mvua za masika zikiwa zimeanza. Habari zilimfikia Mbaruku siku ya nne. Safari hii Mzee Rehani alimpa ruhusa mwenyewe. Alipanda kwa basi hadi linapoishia, kisha kwa miguu, akakaa matanga na wakweze, akalima shamba la marehemu mpaka arobaini ilipopita. Kisha wakateremka watatu, Fatu sasa msichana wa shule, mwenye lafudhi ya Kishambaa isiyomtoka. Hamisa alitembea nyuma. Mara kwa mara hatua zake zilinyamaza, na Mbaruku alisimama akangoja bila kugeuka.

Waliishi Kabuku hadi uzeeni, wakapata watoto wengine wawili. Alikuwa amempata mkewe, na hakuna siku aliyoichukulia kama jambo dogo. Lakini zipo asubuhi, mvua ikishaosha vumbi, ambapo milima inaonekana toka pale, mbali, ya buluu, na Hamisa angetoka na kigoda akaketi kuitazama mpaka jua liifute. Mbaruku alijifunza kutomwita wakati huo. Angechukua kigoda chake, aketi kando yake, amtazame yeye.