Mama wa Rejeta

Hili la fundi wa rejeta hapa Same hamtaliamini, mtasema mjomba wenu kaonja pombe ya dengelua asubuhi. Mama yule haulizi gari linaumwa nini. Injini ikishapoa hufungua mfuniko, huchovya kidole, huyasugua maji kwa dole gumba, kisha huguna. Juzi mjomba alimpelekea Landrova, dumu la maji ya kisima mkononi, na ndani bibi harusi anayesubiriwa kanisani Mbaga, juu mlimani.

“Haya ya chumvi yanakula rejeta, shemeji. Tia kulanti.”

“Mlimani baridi, mama! Maji yanatosha.”

“Baridi iko kileleni. Kabla yake kuna mpando.”

Akalimwaga dumu lote barabarani, akamimina kulanti polepole kama anayemlisha mtoto uji. Basi Landrova ikapaa! Wenzetu wamefungua boneti kando ya njia, sisi hata mvuke hatuna, bibi harusi anapiga vigelegele, tai wa kilele cha Shengena tukawapita wanahema, tena mmoja akatu—

“Shemeji,” fundi akadakia kutoka chini ya lori alilokuwa akitengeneza hapo kando, “safari hiyo nami nilikuwamo, nimekaa kiti cha nyuma. Kuchemka haikuchemka. Ila tai sikumwona. Niliona punda wa magunia ya tangawizi, na ndiye aliyetupita.”